Gari la Barua na Kiapo cha Jumatatu

Benchi liko mbele ya duka langu hapa Euless, Marekani, kati ya mlango na mashine ya barafu, na ndege zinazotua uwanja wa DFW zinatupitia juu ya vichwa kila baada ya dakika mbili. Kwa hiyo tuna sheria moja: ndege ikipita wote tunanyamaza, na ikishapita anaendelea yule yule aliyekatizwa. Jumamosi asubuhi ninatoa jiko dogo la gesi, nachemsha kahawa ya kwetu Mbinga, na wanakuja walewale. Rampu, yaani Patroba, Mkenya anayepakia mizigo kwenye ndege. BP, yaani Chepngetich, nesi, anayetembea na mashine ya presha kwenye pochi na kumpima yeyote atakayekohoa karibu yake. Wakili, yaani Ambilikile wa Tukuyu, ambaye si wakili hata kidogo, yuko ghala la vifurushi, ila wakati wa mapumziko anatazama kesi kwenye simu. Na Majaliwa, ambaye tunamwita Fomu, kwa sababu kuanzia hapa hadi Irving hakuna mtu wetu ambaye hajajaziwa fomu na yeye. Mimi ni Yasinta. Benchi ni langu, kahawa ni yangu, na wa kusikilizwa mwisho ni mimi.

Jumamosi ile Fomu alifika wa kwanza, akakaa, hakusalimia. Nilimpa kikombe, akakishika kwa mikono miwili na hakunywa. Nikajua kuna jambo, maana huyu hata akifiwa husalimia kwanza. Alingoja wenzake watatu wafike, ndipo akatoa simu na kuiweka katikati ya benchi.

Fomu: Niambieni hiki ni kitu gani.

Tuliinama wote. Kwenye picha kulikuwa na gari, kama ni gari. Lilikuwa limekaa ndani ya ghala la mbao, bati tupu mwili mzima, mviringo kila upande, limelainika kama kipande cha sabuni kilichoogewa wiki nzima. Mbele magurudumu mawili, nyuma moja tu, chini ya mkia. Vidirisha viwili vidogo vya duara. Mlango mmoja, nao uko nyuma. Ubavuni kulikuwa na mistari ya rangi iliyopauka, nyekundu na buluu.

BP: Aki hii ni nini? Ni submarine?

Wakili: Submarine na magurudumu?

BP: Si nimeuliza tu.

Rampu: Umeitoa wapi hii, Fomu?

Fomu: Kazini. Si mnajua tunasafisha nyumba za waliofariki? Alhamisi tulikuwa Keller, kwa mzee mmoja aliyekufa hana mtu wa karibu. Nyuma kuna ghala. Tukavua turubai, tukakuta hili. Mrithi yuko Houston, hajawahi hata kulisikia. Bosi akaniambia, wewe unapenda kusomasoma, tafuta ni gari gani, ili tujue kama tuite wa chuma chakavu au wa makumbusho.

Mimi: Sasa hilo ndilo la kukunyima usingizi? Macho mekundu hivyo?

Fomu: Kulikuwa na barua ndani.

Mimi: Barua ya nani?

Ilipita ndege, tukanyamaza. Ilipokwisha, tuliendelea kunyamaza, maana zamu ilikuwa yake.

Fomu: Ilikuwa imeingia kwenye ufa, kati ya sakafu na ubavu. Imefungwa vizuri kabisa. Nikaifungua.

Wakili: Uliifungua?

Fomu: Niliifungua, Wakili. Mkono ulifungua kabla kichwa hakijauliza.

Hapa lazima niseme jambo, maana Rampu na BP walikuwa wanamtazama kama mwizi. Mimi na Fomu tumetoka sehemu moja. Kwetu enzi zile hakuna mtu aliyeletewa barua nyumbani. Barua zote zilikuja kwa S.L.P. ya misheni, gunia zima kwa sanduku moja, na nusu ya walioandikiwa hawakujua kusoma. Fomu alikuwa na sauti nzuri na hakuwa na umbea. Tangu darasa la nne Jumapili baada ya misa alikuwa anakaa kwenye ngazi za kanisa, anafungua barua za watu na kuwasomea. Kufungua barua ya mtu kulikuwa ni kumsaidia. Anayeiacha imefungwa ndiye aliyeonekana ana roho mbaya.

Nikawaeleza hivyo. Rampu akaitikia kwa kichwa. BP akasema kwao Kericho ilikuwa karibu hivyohivyo, barua zilipitia shule. Wakili peke yake hakulegea.

Wakili: Sawa, lakini hapa siyo kwenye ngazi za kanisa. Hapa barua ikishaingia posta ni mali ya serikali kuu mpaka imfikie mwenyewe. Ukiifungua njiani, ni kosa la jinai. La shirikisho!

BP: Wakili, polepole.

Wakili: Nasema sheria ilivyo.

Fomu: Najua. Nimesoma usiku kucha. Na mahojiano yangu ni Jumatatu.

Kila mmoja pale benchi aliweka kikombe chini. Mahojiano ya uraia, ofisi ya Irving, saa mbili asubuhi. Sisi wote tunalijua lile swali, wengine tumeshaulizwa na wengine tunalisubiri: je, umewahi kutenda kosa lolote ambalo hukukamatwa kwalo? Fomu amewajazia watu swali hilo mara mia. Amewafundisha kulijibu wakimtazama ofisa machoni. Kwenye fomu yake mwenyewe aliandika hapana, miezi tisa iliyopita, na Jumatatu anainua mkono wa kuume na kuulizwa tena.

Na si pasipoti tu anayoitafuta. Mke wake Prudensia yuko Mbinga mwaka wa saba sasa. Safari hii walikuwa wamekubaliana kwamba Fomu akiapa tu, makaratasi ya mke yanaingia wiki hiyohiyo. Prudensia ameshagawa mbuzi. Ameshamwambia mpangaji wa chumba cha uani atafute pengine. Mimi huzungumza naye kila Jumapili na sijawahi kumsikia na furaha kama ya sasa.

Fomu: Kwa hiyo nawauliza, na naomba mnijibu kwa akili. Kama hili si gari la posta, ile ni karatasi tu niliyoiokota ghalani. Kama ni gari la posta, mimi nimefungua barua ya serikali ya Marekani. Ni lipi?

BP: Leta mkono kwanza.

Alimvalisha ule mkanda wa presha hapohapo. Mashine ikavuma. Ilisoma mia na sitini na nane juu ya mia na mbili.

BP: Wueh! Weka kahawa chini. Hakuna kahawa kwako leo.

Fomu: Sijainywa.

BP: Basi hata usiinuse.

Wakili: Mimi naona hivi. Kosa lenyewe limezeeka. Hilo gari kwa kulitazama tu lina miaka tisini. Makosa yana muda, yakishapitwa hayashtakiwi.

BP: Gari lina miaka tisini. Yeye amefungua Alhamisi.

Wakili: Ndiyo, lakini barua...

BP: Alhamisi, Wakili. Kosa lina siku mbili.

Wakili alikohoa, akavuta picha ikawa kubwa.

Wakili: Basi hili ni gari la sarakasi. Tazama lilivyo. Mtu mzima na akili zake hawezi kwenda nalo kazini. Lilikuwa la kuchekesha watoto. Mchekeshaji anatokea mlango wa nyuma.

Fomu: Na barua?

Wakili: Ya kuigiza. Sehemu ya mchezo.

BP: Mimi naona ni gari la maiti. Angalia urefu. Mlango uko nyuma, mtu analala hapa, kichwa huku, miguu huku. Na mzee mwenyewe alikuwa hana mtu, pengine alijitengenezea mapema.

Mimi: Na barua ikafuata nini?

BP: Si watu huweka barua kwa jeneza? Ya kuaga. Hiyo siyo posta, hiyo ni ya marehemu.

Fomu: Kwa hiyo nimefungua barua ya maiti.

BP: Sikusema hivyo!

Fomu: Umesema hivyohivyo, dada.

Ndege ikapita. Nilimtazama Rampu. Rampu ndiye mwenye mdomo mrefu kuliko wote hapa, lakini tangu aulize picha imetoka wapi alikuwa anavuta kahawa kidogokidogo na kuangalia maegesho. Mtu anayefanya kazi uwanja wa ndege mwaka wa kumi na moja, aone kitu chenye umbo lile, akae kimya! Nikamchokoza.

Mimi: Rampu, umemeza ulimi?

Rampu: Hiyo ni ndege.

BP: Mabawa yako wapi?

Rampu: Yalikatwa. Ilianguka hapo Keller, yule mzee akakata mabawa, akaweka magurudumu. Ndege ya mtu binafsi, ya tajiri. Haihusiani na posta.

Wakili: Na propela?

Rampu: Alitoa. Alifanya feni ya nyumba.

BP: Rampu.

Rampu: Nyinyi mnajua nini? Ama si ndege, ilikuwa risasi. Walikuwa wanaiweka ndani ya bomba refu, wanaipuliza na hewa, inatoka Fort Worth mpaka Houston kwa dakika kumi. Majaribio ya watu binafsi. Ilikataa, ikatupwa.

Wakili: Ngoja. Ngojeni. Nimeelewa.

Aliinuka kabisa kutoka kwenye benchi, akatazama barabarani, akashusha sauti. Wakili akishusha sauti mimi huwa napatwa na baridi, maana hapo ndipo anapoanza kujiamini mwenyewe.

Wakili: Hili limewekwa. Mtu ana mahojiano Jumatatu, Alhamisi anakuta gari la ajabu lenye barua ndani? Barua moja tu, tena haijafunguliwa? Miaka tisini panya hajaigusa? Wanawapima watu kabla ya kiapo. Hivi vidirisha vya duara, ndani yake kuna nini? Kamera.

Tungecheka. Siku nyingine tungecheka mpaka kahawa ikamwagika. Lakini kila mmoja wetu hapa amewahi kupokea bahasha ya serikali na kukaa nayo ndani ya gari nusu saa kabla ya kuifungua. Hakuna aliyecheka. Fomu alikuwa amefumba macho.

Fomu: Rampu, wewe unajua.

Rampu: Nimesema ni ndege.

Fomu: Umeshasema na risasi. Mimi nimekujazia fomu zako zote mbili, nakujua unavyokuwa ukidanganya. Unakuna shingo. Niambie.

Rampu alitoa mkono shingoni. Alichukua simu, akasogeza picha hadi nyuma ya gari, kwenye ule mlango, akatuonyesha kwa kidole.

Rampu: Ona floor yake iko juu kiasi gani. Hii si ya kupanda mtu. Hapa sakafuni kuna roller, mnaona hivi vyuma vya duara? Hata sisi tuko nazo mpaka leo. Gari linarudi kinyumenyume mpaka mlango wa ndege, milango inakutana, unasukuma gunia linateleza tu, halishuki chini. Ndiyo maana mlango uko nyuma peke yake. Na umbo ni la kukata upepo, kwa sababu ndege haingoji. Hii ilikuwa inachukua barua posta mjini, inakimbia nazo mpaka uwanja. Siku zile ndege ndiyo zimeanza kubeba barua.

Mimi: Una uhakika?

Rampu: Na hapa ubavuni, chini ya buluu. Ongeza mwanga.

Tukaongeza mwanga. Herufi zilikuwepo, zimefifia lakini zipo: U.S., halafu nafasi, halafu MAIL.

Rampu: Pole, ndugu yangu. Nilijua tangu mwanzo. Nilitaka tu isiwe.

Hasira niliyokuwa nayo kwa Rampu iliisha palepale. Alikuwa amefanya kile tulichokuwa tunafanya sote tangu asubuhi, kumtafutia mwenzetu gari lingine. Fomu alishukuru kwa sauti ndogo sana. Kisha akatoa bahasha mfuko wa ndani wa koti na kuiweka juu ya goti. Ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na juu ilikuwa imechanwa vizuri, mchano mmoja ulionyooka.

BP: Tutafute wakili wa ukweli. Kuna yule mama wa Irving.

Fomu: Anafungua Jumatatu saa tatu. Mimi naingia saa mbili.

Wakili: Basi hakuna haja ya wakili. Fomu, nisikilize. Nani anajua kuhusu barua? Bosi wako anajua?

Fomu: Anajua gari tu.

Wakili: Sisi watano, basi. Hakuna barua, hakuna kosa. Jiko hilo hapo.

BP alitazama viatu vyake. Rampu akasema taratibu kwamba Prudensia ameshagawa mbuzi. Na mimi, ambaye nasali rozari kila siku, nilinyoosha mkono nikasogeza birika pembeni ili moto uwe wazi. Hakuna aliyeniambia nisogeze, na hadi leo naona aibu.

Fomu aliinuka na bahasha. Alikuwa ameshaifikisha karibu na jiko wakati mlango wa duka ulipofunguka nyuma yetu.

Alitoka Clarisse, mama wa Kikongo, wa Bukavu, aliyehamia ghorofa za nyuma mwezi uliopita. Alikuwa ameingia tulipokuwa tumeinamia simu, sasa ana pakiti mbili za sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa, anataka kulipa, na hakuona mtu ndani. Akatutazama, akatazama moto, akatazama bahasha.

Clarisse: Mama Yasinta, pardon. Munachoma barua?

Mimi: Ni karatasi ya zamani tu, dada.

Clarisse: Iko ya nani?

BP akamtazama Fomu. Fomu akaitazama bahasha, na nikaona usoni mwake kwamba hata yeye hakuwa anajua. Usiku wote ule alisoma sheria. Barua hakuisoma.

BP: Hujaisoma?

Fomu: Nilipoona stempu tu niliogopa kuendelea. Niliitia mfukoni.

Clarisse: Basi soma. Mutu hachomi barua bila kujua inasema nini.

Alisema bila ukali, akakaa kwenye ukingo wa benchi na pakiti zake. Fomu akasimama wima. Akatoa karatasi moja, iliyokunjwa mara mbili, akaisoma kwanza kimya mpaka mwisho, midomo ikichezacheza, kisha akapandisha kifua na kuanza kutusomea kwa Kiswahili, ile sauti ya ngazi za kanisa. Nilikuwa sijaisikia miaka thelathini. Ndege ilipita katikati. Alinyamaza, ikapita, akaendelea.

Ilikuwa imeandikwa Fort Worth, mwezi wa tatu, mwaka wa elfu moja mia tisa thelathini na sita. Bahasha ilikuwa na jina la Bi Lula Pruitt, mtaa fulani wa Houston. Mume wake ndiye aliyeandika. Alimwambia amepata kazi ya kudumu hatimaye, na chumba chenye dirisha. Alimwomba msamaha kwa maneno aliyomwambia siku alipoondoka. Alimwambia apande treni ya Jumapili asubuhi, na kwamba anatuma barua kwa ndege, ingawa ni ghali, ili imfikie kabla.

Fomu: "Nitakuwa stesheni. Nitakutambua hata kama umebadilika. Ukishuka, hatutazungumza ya nyuma. Na kama hutashuka, Lula, nitajua umenichoka, na sitakusumbua tena maisha yangu yote. Nitakuwa nimevaa kofia ile uliyonipa."

Hapo ndipo ilipoishia. Fomu alibaki ameshika karatasi kifuani. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Rampu: Haikufika. Mungu wangu. Ilikwama kwa ufa wa gari, haikufika.

Wakili: Fomu. Moto unawaka bure.

Alisema kwa sauti ya mtu asiyetaka asikilizwe. Fomu alikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile, akairudisha ndani ya bahasha.

Fomu: Siichomi.

BP: Na Jumatatu?

Fomu: Akiniuliza, nitasema. Nitamwambia niliifungua, na nitamwambia nilivyozoea kwetu. Nitaiweka mezani.

Wakili: Wakikataa?

Fomu: Wakikataa nitampigia mke wangu nimwambie. Nitampigia leo hata hivyo. Sitaki akae anangoja bila kujua ni kwa nini.

Alipofika hapo akageuka kando. BP alimshika bega. Niliona Wakili ameinamisha kichwa, na mimi nikazima gesi, maana ilikuwa inanitia uchungu kuitazama. Kahawa iliyobaki ilikuwa ni machicha. Hakuna aliyedai nyingine.

Clarisse: Na ule mwanaume?

Mimi: Mwanaume gani, dada?

Clarisse: Mwenye kofia. Pale ku stesheni. Alimungoya bibi yake mpaka saa ngapi?

Ndege ikapita, ikashuka, sauti ikaisha kabisa, na hakuna aliyekuwa na zamu. Clarisse alikuwa bado amekaa ukingoni mwa benchi, sombe inamyeyukia mapajani, anatutazama mmoja baada ya mwingine, maana yeye alikuwa ameuliza kwa kutaka kujua.